Bati liliruka usiku mmoja, deni likakaa: jibu kwa mama lishe wa Mingoyo

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama lishe, naishi Mingoyo, Lindi. Mume wangu anaendesha bodaboda ya mkataba, anapeleka kwa tajiri hesabu ya shilingi 60,000 kila wiki. Tuna watoto watatu. Kimbunga Hidaya kilituezulia mabati ya baraza na ya chumba cha watoto, mvua ikaingia, tukapoteza magodoro, unga na madaftari. Tulikopa 300,000 tukatakiwa kurudisha 450,000 ndani ya miezi miwili. Tukashindwa, tukakopa kwingine ili tulipe pale. Hadi leo hatujakaa sawa. Redioni wanasema wananchi tujiandae. Mtu anayekula alichokipata leo anajiandaaje? Mume wangu anasema bora tuhame kabisa. Naomba ushauri."

Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Upepo uliwachukulia mabati machache kwa usiku mmoja. Kilichowakalisha chini mpaka leo ni zile wiki zilizofuata: kibanda hakikuwaka moto, bodaboda haikupata abiria, tajiri akaendelea kudai hesabu yake, na hapo ndipo mkopo ulipopata mlango wa kuingilia. Familia inayoishi kwa mshahara wa mwezi inaweza kukosa kazi siku tano na bado mwisho wa mwezi ukaonekana. Ninyi mkikosa siku tano mmekosa siku tano kweli. Ndiyo maana sitakuandikia orodha ya vitu ishirini vya kununua. Nataka tulenge jambo moja: siku upepo ukipita, msilazimike kukopa wiki hiyo hiyo.

Tuanze na kalenda, maana huku kusini pesa na mvua haviendi pamoja. Minada ya korosho huchangamka kuanzia Oktoba, wakulima wakalipwa, na kibanda chako nadhani hujaa kuliko miezi mingine yote. Mvua za msimu kwetu huanza kati ya Novemba na Disemba na kuendelea hadi Aprili. Ikifika Februari na Machi mifuko imekauka, ufuta haujavunwa, watu wanakula kwa mkopo hata kwako. Sasa angalia vimbunga vilikuja lini. Kile kilichoipiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili. Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, tarehe 25 Aprili 2019, na sisi tukawekwa kwenye tahadhari. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na huku kwetu kikaacha barabara ya Dar es Salaam imekatika maeneo ya Somanga, mabasi na malori yamekwama. Mafuriko hayangoji hadi Aprili, watu wa Kilwa wanakumbuka Januari 2020. Lakini vimbunga vitatu nilivyovitaja vyote vilikuja msimu unapoelekea ukingoni, wakati watu wameshaanza kusema mvua imekwisha na ndani hakuna hata shilingi ya akiba.

Kwa hiyo matayarisho yenu yafanyike Novemba na Disemba, pesa ikiwa mkononi, na yawe ya kudumu hadi Mei. Kama kikoba chenu huvunjwa mwisho wa mwaka kama vingi vinavyofanya, fungu la kwanza la mgao wako likanunue misumari na waya kabla ya vitenge na sikukuu. Najua ni maneno magumu kwa mama mwenye watoto watatu, lakini nayasema kwa moyo wangu wote.

Kwenye paa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mlipoumia na ndipo pesa ndogo inapofanya kazi kubwa.

Upepo mkali hausukumi paa kwa ubavu tu. Ukipita juu yake hulinyonya kwenda juu, na ule unaoingia chini ya baraza, ambako hakuna ukuta wa kuuzuia, hulisukuma kutoka chini. Baraza hupata vyote viwili kwa pamoja, ndiyo maana lenu lilitangulia. Sasa katika nyumba nyingi za huku mbao za kenchi hunyooka moja kwa moja kutoka kwenye paa kubwa hadi kwenye nguzo za baraza, na mabati yamepandiana bila kukatika. Baraza likinyanyuka linavuta na mabati ya chumbani. Kwa maelezo yako, naamini ndivyo chumba cha watoto kilivyobaki wazi.

Mwambie fundi atenganishe hayo mapaa mawili. Baraza liwe na mbao zake lenyewe, na paa lake liishie chini kidogo ya ukingo wa paa kubwa. Likienda, liende peke yake. Fundi atakuambia haipendezi au inaongeza mbao mbili tatu. Mkubalie aongeze.

Kwenye paa kubwa, panda ngazi ukague kingo. Bati huanza kung'oka kwenye pembe, kwenye ukingo na chini ya kofia, lile bati la kilele cha paa, halipasuki katikati kwanza. Katikati misumari inaweza kuachana, lakini sehemu hizo tatu zinataka msumari kila mgongo wa pili wa bati, ule msumari wa bati wenye kichwa kipana, ugongwe juu ya mgongo na si bondeni maji yanakopita. Pwani hii chumvi inakula vichwa vya misumari. Pitisha kidole: ambao kichwa chake kinameguka, ng'oa, weka mpya hapo hapo.

Halafu uliza swali ambalo mafundi wengi hawaulizwi: kenchi yenyewe imeshikwa na nini? Kwenye nyumba za miti na udongo, na za matofali mabichi, mara nyingi imekaa juu ya ukuta kwa uzito wake na msumari mmoja. Tafuta waya mnene wa mabati, ukunje uwe nyuzi mbili, uzungushe kwenye mbao ya kenchi kisha uushushe na kuukaza kwenye nguzo iliyochimbiwa ardhini, usiufunge kwenye ufito. Kama ukuta ni wa matofali, toboa chini ya kozi ya tatu au ya nne kutoka juu, upitishe waya na kuurudisha, ili upepo ukitaka kunyanyua kenchi ulazimike kunyanyua na ukuta. Na kama mmeweka mawe au matairi juu ya bati kulikandamiza, yashusheni. Upepo ukizidi, hayo ndiyo yanayomwangukia jirani.

Pesa ya nyumba nzima haipo? Basi chagueni chumba kimoja. Kile kidogo, kilicho upande wa mbali na baraza, chenye ukuta usio na ufa. Hicho kifungwe waya kila kenchi na kupigwa misumari yote. Watoto walale humo usiku wa upepo, na humo ndimo ikae ndoo yenye mfuniko wa kubana: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, karatasi ya mauziano ya kiwanja, mkataba wa pikipiki, madaftari ya shule, kila kimoja ndani ya mfuko wa nailoni. Vipigie picha pia kwa simu na kumtumia ndugu aliye mbali. Kutafuta cheti kipya kunakula nauli na siku za kazi, na siku za kazi ndizo tunazozilinda.

Sasa zana zenu za kazi. Pikipiki ikiloa hadi kwenye injini mmepoteza kipato na deni limebaki palepale. Tafuteni mapema mtu mwenye nyumba ya tofali sehemu ya juu atakayekubali kuihifadhi usiku ule. Asiombwe upepo ukiwa umeshaanza. La maana zaidi ni mkataba wenyewe. Mume wako aongee na tajiri sasa hivi, mambo yakiwa shwari, waandikishane kwamba mamlaka ikitoa tahadhari ya kutotembea au barabara ikikatika, hesabu ya siku hizo inasogezwa mwishoni mwa mkataba. Tajiri mwenye akili atakubali, maana pikipiki iliyosombwa na maji ni hasara yake pia. Akikataa, mmeshajua mapema kwamba hesabu ya wiki moja, hiyo 60,000, lazima iwe sehemu ya akiba yenu.

Kwako wewe, sufuria na majiko yasibaki kibandani ukisikia tahadhari. Weka gunia moja la mkaa mahali pakavu. Wateja hurudi mapema kuliko unavyofikiri: siku ya pili baada ya dhoruba kila mtu amelowa, kuni zimelowa, na mwenye mkaa mkavu na mchele anauza. Nasema hivi nikijua utauza kwa bei yako ya kila siku, maana majirani wanakumbuka.

Akiba ya dharura iwe kiasi gani? Hesabu wiki mbili za chakula cha nyumbani, hesabu moja ya tajiri, na mtaji wa kuanzisha sufuria za siku ya kwanza. Hicho tu. Usiiweke kwenye kibubu cha mbao, hicho nacho huondoka na maji. Iweke benki au kwenye laini ya simu usiyoitumia kila siku, kidogo kidogo tangu minada inapoanza. Ila mkitangaziwa upepo, toeni sehemu yake mkae na noti ndogo ndogo mkononi, kwa sababu mnara ukizimika wakala hana cha kukupa.

Kuhusu kikoba, kuna jambo watu wengi hawaliangalii. Mfuko wa jamii ule mnaochangia kila kikao umetengenezwa kwa shida inayompata mmoja mmoja: leo msiba kwa huyu, kesho ugonjwa kwa yule, wengine wakambeba. Kimbunga kinawapata wote usiku uleule, na mfuko hauwezi kumbeba kila mtu. Kwa hiyo usiutegemee kwa pesa. Utegemee kwa makubaliano. Kabla ya msimu, kikao kiandike kwenye katiba ya kikundi kwamba likitokea janga linalotambuliwa na serikali ya mtaa, marejesho ya mikopo yanasimama mwezi mmoja bila faini. Hilo halina gharama hata ya shilingi kumi, na lingewaokoa wengi. Kwa msaada wa pesa zenyewe tegemeeni ndugu asiyeishi pwani hii, aliye Masasi, Songea au Dar, na ninyi mumsaidie kwa zamu yake.

Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zina ngazi tatu na kila moja ina kazi yake nyumbani kwako. Njano ni angalizo: kagua waya, chaji simu, jaza madumu ya maji ya kunywa. Rangi ya chungwa ni tahadhari: pikipiki iende ilikopangiwa, vyombo vitoke kibandani, pesa itolewe. Nyekundu ni tahadhari kubwa: kama nyumba yako unaitilia shaka, ondokeni mchana, kabla ya giza, kwenye jengo la tofali lililo juu, shule, msikiti au kanisa, kadiri viongozi wa mtaa watakavyoelekeza. Na upepo ukikatika ghafla katikati ya kimbunga, msitoke. Huenda ni kitovu kinapita, na upepo utarudi kwa nguvu kutoka upande wa pili.

Siku ya baada yake ndiyo ninayoihofia zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapoumia wakidhani wamepona. Ukuta wa udongo uliolowa unaweza kusimama wakati wa mvua ukaanguka siku mbili baadaye, jua likiwa linawaka. Ukiona umevimba chini au umepata ufa mpya, watoto wasilale wala kucheza karibu nao. Kama mna umeme, swichi kubwa izimwe na msiiwashe hadi fundi aangalie nyaya zilizoloa. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba kilichofungwa eti kwa sababu nje kunanyesha, moshi wake usioonekana unaua familia nzima usingizini. Na mwambie mume wako, kwa heshima zote: barabara ikikatika abiria watamwomba awavushe kwa nauli mara tatu. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na pikipiki chini yake. Asivuke.

Maji ya kisima kilichofurikiwa msinywe bila kuchemsha hadi yatokote au kuyatia dawa. Wewe unalisha watu, kwa hiyo kosa la ndoo moja kwako ni la mtaa mzima. Mtoto akiharisha na pakiti za ORS hazipo, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anyweshwe kidogo kidogo huku mkielekea zahanati.

Kabla hamjagusa kitu, piga picha: paa, ukuta, magodoro, kila chumba. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji mjiandikishe siku hiyohiyo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi ya chini kabisa, na misaada hugawiwa kwa orodha zinazotoka huko chini. Asiyeandikwa hayupo. Uliza jina lako limeandikwaje, na idadi ya watoto iwe sahihi. Lakini msaada wa maafa ni chakula, blanketi, turubai, si fidia ya nyumba. Usiupigie hesabu ya kujengea.

Sasa huo mkopo. Mlichukua 300,000, mkatakiwa 450,000 kwa miezi miwili. Hiyo ni riba ya asilimia 25 kwa mwezi, na ndiyo watu wanaita kausha damu. Mkopeshaji mdogo halali ana leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa ukomo huo, riba ya 300,000 kwa miezi miwili ni 21,000. Ninyi mlidaiwa 150,000. Ile tofauti ya 129,000 ilitosha kununua waya na misumari ya chumba kizima na chenji ikabaki. Kama deni la pili bado lipo, nenda ukaombe kuona leseni ya mkopeshaji na mkataba wenye riba iliyoandikwa. Asipokuwa navyo, lipeleke suala kwa ofisa biashara wa halmashauri kabla ya kulipa shilingi nyingine. Na siku nyingine ikibidi kukopa, anzia kikobani, kisha SACCOS, kisha taasisi yenye leseni, na mkope cha kurudisha kazi kwanza, yaani pikipiki na sufuria. Godoro linangoja. Kazi ikirudi, godoro litanunuliwa bila mkopo.

Kama wazee wenu wana mikorosho kijijini, waambie vilevile wasiuze mavuno ya Oktoba wakiwa bado Mei kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wanaonunua kwa bei ya kutupa, ili kuezeka nyumba. Bati moja leo kwa gunia la korosho la miezi mitano mbele ni biashara inayomfanya mtu aingie msimu mpya akiwa na deni la msimu uliopita.

Limebaki la kuhama. Mume wako hajakosea kuliwaza, kwa sababu Mingoyo iko bondeni, karibu na mto Lukuledi unapomwagikia bahari. Lakini kama ulivyoeleza, kilichowatoa ni paa, na paa lililofungwa vibaya litaruka hata mlimani. Kwa hiyo jiulizeni jambo moja: katika miaka mnayokaa hapo, maji yamewahi kuingia kwa mlangoni, yakitokea chini? Waulizeni na wazee wa mtaa yalifika wapi miaka ya nyuma, wakuonyesheni kwa mkono. Kama hayajawahi, bakini, fungeni paa, chimbeni mfereji wa kuzungusha nyumba na kuinua kizingiti. Kama yameingia mara moja, jengeni chumba kile kimoja imara kwenye sehemu ya juu ya kiwanja chenu, msingi wa mawe juu ya alama waliyoonyesha wazee. Kama yameingia zaidi ya mara moja, mume wako yuko sahihi. Anzeni kutafuta kiwanja cha juu taratibu, kwa kulipa kidogo kidogo, mkiwa bado mnaishi hapo na kibanda chako kina wateja wake. Msiuze cha sasa kwa haraka ili mkapange, maana kodi ya nyumba inadaiwa hata wiki ambayo mvua imefunga barabara.